Maji Niliyoyameza Great Barr

Siku ya kwanza tuliyokwenda mtoni, mhadhiri wetu alitukusanya nyuma ya gari la idara akatuambia kwamba atakayeanguka majini afunge mdomo. Wenzangu walicheka. Yeye akangoja wanyamaze.

"Sitanii," akasema. "Mto huu una panya. Samaki hamna hata mmoja, lakini panya wamejaa. Mkojo wao una vijidudu, na vijidudu hivyo huingia kwa mdomo, kwa macho, hata kwa mkwaruzo wa kidole. Ukianguka, kisha wiki moja au mbili baadaye ukapata homa, mwambie daktari ulikuwa ndani ya maji ya panya. Usiposema hatajua. Atadhani ni mafua."

Mimi sikucheka. Nilizaliwa milimani Taita, mahali ambapo maji ni kijito cha kuvuka kwa hatua mbili, na sikuwa nimejifunza kuogelea. Nilikuwa mwalimu wa biolojia katika shule ya wasichana nilipopata ufadhili wa kwenda Birmingham kusomea uchafuzi wa maji. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Siku hizi watu wanasema sayansi ya mazingira na kila mtu anaelewa. Wakati ule nilipowaeleza jamaa zangu kwamba nakwenda Ulaya kusomea maji machafu, mjomba wangu aliuliza kama kwetu hayatoshi.

Nilidhani nitakaa maabara. Hakuna aliyeniambia kwamba kila baada ya siku kadhaa nitavaa mabuti marefu ya mpira, nishuke kwenye kingo za mto Tame, huko Great Barr, chini ya barabara kuu ya magari iliyokuwa bado mpya. Barabara ilipita juu yetu kwenye nguzo nene za zege, na malori yalipopita, nguzo zilitoa mngurumo ulioingia kifuani. Maji chini yalibadilika rangi kwa kufuata viwanda vilivyofungulia mifereji yao siku hiyo. Yalikuwa ya kutu, au ya kijivu, na mara moja niliyaona ya kijani kama rangi ya kupaka milango. Povu lilikusanyika kwenye pembe za mto na kutetemeka kama kitu chenye uhai. Kila nilipoinama kujaza chupa, nilishika majani kwa mkono wa pili, majani yenyewe membamba yasiyoweza kumzuia hata mbuzi.

Mwenzangu wa kazi alikuwa Mjerumani, kijana mrefu kutoka bonde la Ruhr. Alikuwa amekuja kwa mwaka mmoja, nami nadhani tulipangwa pamoja kwa sababu sote tulikuwa wageni. Waingereza wa darasani walimtania kuhusu vita ambavyo vilipiganwa wakati yeye hajazaliwa, naye hakuwajibu. Kwangu aliongea. Alinisimulia kuhusu mto mmoja wa kwao uliogeuzwa kuwa mfereji wa maji taka, ukajengewa kingo za zege na uzio pande zote mbili, kwa sababu mtoto akitumbukia hawezi kutoka. "Mama yangu," alisema, "alitukataza hata kuutazama." Alishuka mtoni kwa tahadhari ileile niliyokuwa nayo mimi, na kwa hilo nilimpenda.

Nilipanga chumba Sparkhill, katika nyumba moja ya safu karibu na Stratford Road. Wenye nyumba walikuwa mume na mke Wahindi waliofukuzwa Uganda. Mume alikuwa na duka la vitambaa Jinja. Birmingham alifanya kazi ya zamu katika kiwanda cha kuyeyusha chuma na kurudi na vumbi jeusi kwenye mikunjo ya shingo. Mke alikuwa mama wa makamo, mfupi, aliyezaliwa Kisumu. Kiingereza hakukijua zaidi ya maneno machache ya sokoni. Lakini Kiswahili alikuwa nacho, kile Kiswahili cha dukani ambacho nilikisikia tangu utotoni nilipotumwa kununua sukari, na siku niliyokuja kuuliza chumba, nilipomwamkia kwa Kiswahili, alishika fremu ya mlango akalia.

Nilimwita mama. Yeye aliniita mtoto yangu.

Mama yule aliishi kwa hofu. Mlango ukigongwa, hata kama ni jirani, alikwenda kwanza jikoni akazima redio, kisha akachungulia kwenye pazia. Njiani kwenda Entebbe askari walikuwa wamewashusha kwenye basi mara nyingi, na kwenye kizuizi kimoja walimvua bangili kwa kumkunja mkono. Kifundo hicho kilimuuma bado wakati wa baridi. Tangu hapo kila aliyevaa sare alikuwa askari kwake. Mleta barua alimtia hofu. Kondakta wa basi alimtia hofu. Hakutoka peke yake; alingoja Jumamosi, mumewe akiwa nyumbani, ndipo waende pamoja kununua unga na dengu.

Jioni tulikaa jikoni karibu na hita ya mafuta ya taa, yeye akisukuma chapati nami nikimsimulia mambo ya mtoni. Hakuelewa kwa nini msichana mzima avuke bahari aje kuchota maji machafu.

"Hapana ogopa?" aliniuliza.

"Naogopa sana, mama."

"Mimi pia," akasema, akageuza chapati.

Nilianguka mwezi wa tatu, safari ya mwisho kabla ya likizo ya Pasaka. Mvua ilikuwa imenyesha na udongo wa kingo ulikuwa umechanganyika na mafuta. Nilikuwa nimeinama, chupa mkononi. Hata sikuhisi kuteleza; nilihisi tu kwamba mguu haupo tena chini yangu. Maji yalinipokea kwa baridi iliyonifanya nivute pumzi kwa nguvu, na pumzi hiyo niliivutia chini ya maji. Nilimeza. Nakumbuka ladha yake vizuri kuliko chakula chochote nilichokula Uingereza: chuma, mafuta, na nyuma yake kitu kilichooza, kitamu kidogo. Mabuti yalijaa yakanivuta. Sikujua juu ni wapi.

Mjerumani alilala kifudifudi kwenye matope akaninyoshea mpini wa wavu wa kukusanyia wadudu. Niliushika. Alinivuta mpaka nikapata nyasi, kisha akanikamata kola ya koti akanipandisha kama gunia. Kiganja changu kilikuwa kimechanika kwenye kipande cha bati.

"Nimemeza," nikamwambia.

"Kiasi gani?"

"Sijui. Nimemeza."

Hakuniambia nisijali. Uso wake ulikuwa umepauka kabisa. Aliendesha gari akiwa amefungulia joto lote, na kila taa nyekundu alinigeukia kunitazama, kana kwamba jambo fulani lingeonekana usoni mwangu papo hapo.

Daktari wa wanafunzi alisafisha kidonda, akanidunga sindano ya pepopunda, akasema mimi ni kijana mwenye nguvu. Mhadhiri alikuja kunitazama akiwa bado na kalamu nyuma ya sikio. "Unakumbuka nilichowaambia?" akauliza. Nikasema nakumbuka. "Vizuri," akasema. Alinishika bega, akaliachia, akalishika tena.

Nyumbani mama alinivua nguo zilizolowa kama mtoto, akaniosha nywele mara kadhaa mpaka maji ya beseni yakaacha kunuka, akanipa maziwa ya moto yenye manjano. Nilimweleza yote. Nilimweleza kuhusu panya na mkojo na homa inayoweza kuja baadaye. Alinifanya nirudie.

"Homa ya panya," akasema polepole, kama mtu anayejifunza jina la mtaa asije akapotea.

Kisha likizo ikaanza na watu wote wakaondoka. Mjerumani alirudi kwao. Kabla ya kupanda treni alipita Sparkhill, akasimama mlangoni na begi lake, akaniuliza kama nina homa. Sikuwa nayo. Mhadhiri alikwenda Wales na familia yake. Majengo ya chuo yalifungwa, nami nikabaki na kile chumba cha juu, na kioo kidogo ukutani.

Kioo hicho ndicho kilichonitesa. Niliamka na kukiendea kabla hata ya kuvaa, nikavuta kope chini, nikatazama weupe wa macho. Nilishika paji la uso kwa kiganja, nikaona kiganja chenyewe ni cha moto, nikakipoza kwenye kioo cha dirisha, nikapima tena. Nikipiga chafya, nilikaa chini. Nilianza kuhisi maji yale ndani yangu, yamekaa mahali yakisubiri. Nilitema mate, nilisugua ulimi kwa chumvi. Ladha ilirudi wakati wowote, hata katikati ya chai.

Na juu ya hofu hiyo kulikuwa na nyingine. Mwaka uliotangulia mwanafunzi mmoja kutoka Zambia alionekana ana ugonjwa wa mapafu, na waliomfadhili wakamrudisha kwao katikati ya masomo. Sote tuliijua habari yake. Kwa hiyo niliogopa kuugua, na niliogopa kujulikana kwamba naugua, na hofu hizi mbili zilinivuta kila moja upande wake, mpaka nikawa siwezi kuamua kama ningekwenda kwa daktari hata homa ikija.

Homa haikuningoja niamue. Siku moja ya ile wiki ya Pasaka niliamka na kichwa kinapasuka. Nilipoweka miguu sakafuni nilianguka. Mashavu ya miguu yalikuwa yanauma kana kwamba yamepigwa kwa mchi. Mama alipanda ngazi kwa kishindo cha kuanguka kwangu, akanishika shingo, akapiga kelele kwa Kigujarati.

Mumewe alikuwa kazini. Mama alikwenda kwa jirani, bibi mmoja wa Kiayalandi mwenye simu, akamwonyesha kwa ishara: kichwa, moto, kuanguka. Bibi yule akapiga simu. Baada ya muda daktari akaja, mzee mwenye haraka, koti hakulivua.

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda akaniuliza maswali. Nilijua ninachotaka kusema. Hilo ndilo jambo linalonitisha mpaka leo nikilikumbuka. Nilijua kabisa, nililiona neno mbele yangu, lakini Kiingereza kilikuwa kimeniondoka. Nilikuwa na panya wa Kitaita na panya wa Kiswahili, yule wa Kiingereza hayupo. Nilisikia sauti yangu ikisema maneno mengi, na nikaona daktari hata moja halimfikii.

"Anatoka wapi?" alimuuliza mama.

Hilo mama alilielewa. "Kenya," akasema.

"Ah," daktari akasema. "Malaria."

Mama alitikisa kichwa kwa nguvu. Alitafuta Kiingereza chake chote, akapata neno moja la kufaa, akalisema akininyoshea kidole. "Water! Water!"

"Ndiyo, ndiyo," daktari akasema. "Mpe maji mengi." Akamwonyesha kwa mkono jinsi ya kunywa. Kisha akashuka kwenda kuita ambulensi.

Kwetu milimani malaria ilikuwa ugonjwa wa watu wa Voi, kule chini kwenye joto. Mimi sikuwa nimewahi kuugua malaria maishani. Wanaume wawili wenye sare waliingia wakanibeba kwa machela, na nilimwona mama amejibana ukutani kwenye ngazi, mikono kifuani, akiwapisha. Hakuthubutu kuwauliza kama anaweza kuja nami. Nililia nikimwita, nadhani. Mlango wa gari ukafungwa.

Hospitali waliniweka katika chumba cha peke yangu chenye kioo upande wa varanda. Walioingia walivaa barakoa na glavu, wakafanya kazi yao haraka, wakatoka. Walikuwa wananiogopa. Nilikuwa nimeshawaogopa wao kabla, lakini kuogopwa ni jambo lingine. Uso unatokea kwenye kioo, unatazama, unaondoka. Walinitoa damu wakitafuta malaria, hawakuiona, wakanitoa tena. Walinipa dawa za malaria zilizofanya masikio yalie. Niliwaambia. Najua niliwaambia, kwa lugha mbili, kwamba ni maji, ni panya, ni Great Barr. Muuguzi mmoja alinipapasa mkono akasema neno la kunituliza.

Hofu ya homa ni tofauti na hofu ya mtu mwenye akili timamu. Niliona mto umeingia chini ya kitanda. Nilisikia malori yakipita darini. Nilipokuwa na akili, ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu ndipo nilipofikiri juu ya udongo. Kutoka kwenye basi nilikuwa nimewahi kuona makaburi ya mji ule, mawe meusi kwa masizi, yamesimama kwenye mvua, na sasa nilifikiri kwamba nitawekwa pale, na hakuna mtu wa kwetu atakayejua ni jiwe lipi. Nilifikiri mama yangu mzazi ataitwa kwa chifu kupewa habari, naye atavaa viatu vyake vya kanisani akidhani ni habari njema.

Yaliyofuata sikuyaona. Niliyasikia baadaye, kwa mama mwenyewe na kwa aliyekutana naye.

Mume aliporudi kutoka kazini alisema watu wa hospitali wanajua kazi yao, na kwamba wataenda pamoja kunitazama Jumamosi. Mama hakulala. Asubuhi, mume alipokwenda zamu, alivaa koti la mumewe juu ya sari, akaenda kwa yule bibi wa Kiayalandi, akapata jina la hospitali na namba za mabasi kwenye kipande cha karatasi, akatoka peke yake hadi Stratford Road. Alikuwa hajawahi kupanda basi bila mumewe. Aliniambia mabasi yalipita akiwa amesimama tu, kwa sababu kila moja lilisimama na ndani yake yumo kondakta mwenye kofia. Mwishowe alipanda akiwa amefumba macho. Alimnyoshea kondakta karatasi, akaiachia kabla haijashikwa, ikaanguka. Kondakta, ambaye kumbe alikuwa Kalasinga mwenye kilemba badala ya kofia, aliiokota, akaisoma, akamkalisha mbele karibu naye. Katikati ya mji alimshusha na kumpandisha kwenye basi la pili kwa mkono wake.

Mapokezi ya hospitali walimwambia saa za kuona wagonjwa bado. Hakuelewa. Walimwonyesha benchi, akakaa. Alipita bawabu, akainamisha kichwa. Akapita daktari, akainamisha kichwa. Kisha akapita muuguzi Mwafrika, mwanamke mnene kidogo, anatembea haraka na faili kwapani, na mama akasikia sauti yake mwenyewe ikipiga kelele katikati ya ukumbi ule:

"Sista! Sista! Wewe najua Kiswahili?"

Muuguzi alisimama kama aliyevutwa sketi. Alikuwa Mkenya, mtu wa Nyeri, yuko Birmingham miaka mingi. Aliniambia baadaye kwamba alipogeuka na kumwona mama yule wa sari na koti la mwanamume, alidhani kwa nukta moja yuko mbele ya kaunta ya duka la Mhindi kule Karatina.

"Najua, mama. Unatafuta nani?"

"Mtoto yangu iko ndani. Msichana ya Kenya. Yeye ilianguka mtoni, ilimeza maji. Maji iko na panya! Mwalimu yake ilisema, homa ikija, sema daktari maji ya panya. Sasa daktari nasema malaria. Hapana malaria, sista. Homa ya panya! Homa ya panya!"

"Ngoja, mama. Alianguka lini?"

"Kabla ya Pasaka. Mimi ilimwosha nywele."

Muuguzi hakuwa wa wodi yangu. Alimshika mama mkono, akampeleka mpaka kwenye varanda ya kioo kile, akamtafuta daktari kijana aliyekuwa zamu. Daktari kwanza alikasirika kwamba kuna mgeni pale. Kisha akasikia neno panya. "Mto gani?" akauliza. Muuguzi akamuuliza mama, mama akajibu, "Ile ya Great Barr," kwa sababu jina hilo nililitaja kila wiki tukila chapati.

Hapa na mimi nakumbuka. Mlango ulifunguliwa, daktari akaingia bila kufunga vizuri barakoa yake, akafunua shuka, akaniminya mashavu ya miguu kwa vidole. Nilipiga yowe. Akanivuta kope. Nilimwona anatazama macho yangu jinsi nilivyokuwa nikiyatazama mwenyewe kwenye kioo, na nilijua kwa uso wake kwamba yamegeuka manjano.

"Kwa nini hukusema?" aliniuliza.

Muuguzi wa Nyeri alikuwa nyuma yake. "Alisema," akamjibu.

Walianza penisilini saa hiyohiyo. Mama alikuwa bado kwenye kioo. Kulikuwa na muuguzi mkuu aliyetaka kumwondoa, akauliza yeye ni nani wangu. Dada wa Nyeri akatafsiri swali. Mama akajibu, naye akatafsiri jibu bila kutabasamu: "Anasema ni mama yake." Muuguzi mkuu akamtazama mama, akanitazama mimi, akaagiza aletewe kiti.

Sikupona siku ile wala iliyofuata. Figo zilikuwa zimeanza kugoma. Walinipima mkojo kila mara, wakanyanyua chombo kwenye mwanga wakitazamana. Dada wa Nyeri alikuja kila alipomaliza zamu yake, akakaa bila barakoa, akanisemesha Kiswahili.

"Wewe mtoto wa Taita," alisema, "kwenu maji safi yanatoka mwambani, ukaona uje kunywa ya huku?"

Nilijaribu kucheka. Kisha nikamuuliza, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kumuuliza. "Dada, nitakufa?"

Alifikiri kabla ya kujibu. "Sijui. Jana nilidhani ndiyo. Leo sidhani."

Nililishika jibu hilo kuliko faraja zote nilizopewa, nikalala nalo. Baada ya siku chache mkojo ukaja, mwingi, na wauguzi wakafurahi kama watu waliopata mvua. Manjano yalitoka macho polepole. Niliporudi Sparkhill nilipanda ngazi kwa makalio, mama akinisukuma kutoka chini.

Tangu wakati ule mama alikuwa akipanda basi peke yake. Alikuja kuniona hospitali kila siku, kisha akaanza kwenda hata soko la mjini kutafuta bamia. Sitasema hofu ilimwisha. Mlango ukigongwa bado alizima redio. Miaka michache baadaye walihamia Leicester kwa ndugu zao, na jirani mmoja aliniandikia kwamba walipofunga mizigo mama alimkumbatia bibi wa Kiayalandi muda mrefu, wanawake wawili wasiokuwa na lugha.

Ufadhili wangu ulihitaji cheti cha daktari kwamba nafaa kuendelea. Yule daktari kijana alikiandika bila kuombwa mara mbili. Mhadhiri, ambaye alikatisha likizo yake aliposikia, aliniita ofisini akasema ninaweza kubadilisha utafiti. Ningekaa maabara, wenzangu waniletee maji, hakuna ambaye angeniona mnyonge. Nilimwomba siku mbili nifikirie.

Mjerumani alirudi kutoka kwao na kamba ndefu na jaketi la kuokolea alilopewa na mjomba wake mfanyakazi wa majahazi ya makaa. Alikaa jikoni kwa mama akashindwa kunywa chai.

"Ningekuwa hapa ningewaambia," alisema.

"Ungekuwa hapa ungeogopa tu kama mimi."

"Ndiyo," akakubali. "Lakini ningeogopa kwa Kiingereza."

Mwaka uliofuata nilikwenda Ujerumani kwa muhula mmoja, katika taasisi aliyosomea yeye, na ambako alikuwa amesharudi. Huko hakuna mwanafunzi aliyeshuka mtoni bila kamba kiunoni, na nilipowauliza tangu lini, walimtazama yeye.

Lakini kabla ya hapo nilirudi Great Barr. Sikuwa na ujasiri. Niliogopa kwamba nikikaa maabara mwaka huo, nitakaa maabara maisha yangu yote, na kwetu nilikokuwa narudi mito haiji maabara. Safari ya kwanza sikutoka kwenye gari. Mjerumani alishuka peke yake, nami nikakaa mikono imeshika dashibodi, nikisikiliza malori juu. Safari ya pili nilifika kwenye nyasi, nikasikia harufu, nikarudi. Mjerumani alijaza chupa zote mwenyewe.

Safari ya tatu alinifunga kamba, akaizungusha upande wa pili kwenye mti na kiunoni mwake. Nilishuka kwa kukaa, hatua kwa hatua, suruali ikijaa matope. Maji siku hiyo yalikuwa ya kijivu tu. Nilijaza chupa, nikaifunga, nikampa. Nilipanda hadi juu, nikafika kando ya gari, nikatapika kila kitu nilichokula asubuhi. Mjerumani alinishikilia begi mpaka nilipomaliza. Kisha tukapanda gari tukaenda kituo kilichofuata cha kuchotea maji, karibu na daraja, ambako kingo zilikuwa kali zaidi.